Mtakatifu Antoni na Mtakatifu Yosefu Chini ya Bahari





Hakuna mtakatifu asumbuliwaye na Wakatoliki kama Antoni wa Padua. Aliyepoteza funguo humwendea yeye, aliyepoteza hati ya shamba humwendea yeye, na mama ambaye mwanawe aliondoka kwenda Dar es Salaam bila kuaga huwasha mshumaa mbele ya sanamu yake. Tunamwita wa Padua kwa sababu huko ndiko alikozikwa, lakini alizaliwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na Wareno wamekuwa wakimhesabu kuwa ni wa kwao. Ndiyo maana mabaharia wao walipenda kuzipa meli zao jina lake.

Meli mojawapo ya hizo ilipotea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, ikakaa chini ya maji kwa karne tatu kasoro, na watu waliozama kuitafuta wakaipata. Historia yake nimeisoma muda mrefu, na katika mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, naona inafaa niwasimulieni. Nitaifuatanisha na ya meli ya pili, yenye jina la Mtakatifu Yosefu, ambayo inatuhusu sisi wa Ruvuma kwa karibu zaidi.

Sisi wa Songea tu watu wa nchi kavu, milimani, na mtu anaweza kuuliza bahari inatuhusu nini. Lakini mkoa wetu una ziwa. Hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven kwa sababu ya jiwe lililofanana na simba wa mawe wa Misri, tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza, na inasemekana alitoka kwa hasira kumwuliza mwenzake wa Kiingereza, ambaye walikuwa marafiki, kama amelewa. Meli hiyo iliyoharibiwa iliitwa Hermann von Wissmann, na iliteremshwa ziwani mwaka 1893 kwa fedha zilizochangwa Ujerumani kwa ajili ya kupinga biashara ya watumwa. Shikeni neno hilo la watumwa, maana nitalirudia.

Sasa twende Mombasa. Wareno walijenga ngome pale kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya mhandisi Mwitalia Giovanni Battista Cairati, wakaiita Ngome ya Yesu. Jina hilo halijawahi kunikaa vizuri moyoni. Ngome yenyewe ni nzuri, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini kuta nene kiasi kile, zenye matundu ya mizinga, kupewa jina la Yeye aliyemwamuru Petro aurudishe upanga wake alani, ni jambo la kumfanya Mkristo atafakari kabla ya kujisifu.

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, yalifika Mombasa na kuizingira ngome hiyo. Ndani yake walikuwamo askari Wareno wachache, pamoja na mamia ya wenyeji waliokuwa upande wao. Mazingirwa yalidumu miezi thelathini na mitatu. Siku ya Noeli ya mwaka 1696 zilifika meli za msaada kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, zikashusha watu na vyakula. Lakini pamoja na chakula uliingia pia ugonjwa, au pengine ulikuwamo tayari, na watu wakafa kama nzige. Kufikia katikati ya mwaka 1697 waliobaki kuilinda Ngome ya Yesu walikuwa ni Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, Mswahili wa visiwa vya Lamu, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika hamsini.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Katika vitabu vingi vya shule mazingirwa ya Mombasa husimuliwa kama vita kati ya Wareno na Waarabu, Msalaba na Mwezi. Kumbe kwa kipindi fulani ngome yenye jina la Yesu ilisimama kwa sababu Mwislamu mmoja alikuwa mwaminifu kwa neno alilolitoa, na kwa sababu wanawake hamsini, ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao, walizunguka kutani usiku na mchana. Sijui hata mmoja wao alikuwa akisali kwa lugha gani.

Tarehe 15 Septemba 1697 meli za Wareno zilirudi, na mojawapo ilikuwa meli kubwa ya vita iitwayo Santo António de Tanná. Ilijengwa huko Bassein, pwani ya India, ikateremshwa majini mwaka 1681. Ilijengwa kwa mbao za mtiki, ambao watu wa pwani huuita msaji, mti usiooza upesi. Jambo hilo dogo ndilo lililotufikishia habari zake. Ilitia nanga chini ya ngome, katika mlango wa bandari. Tarehe 20 Oktoba amari zilizoishikilia zilikatika, mkondo ukaichukua hadi ng'ambo walikokuwa adui. Wareno waliweza kuirudisha, lakini usukani ulikuwa umeharibika na meli haikufaa tena kwa safari. Ikazama mbele ya ngome ileile iliyotumwa kuiokoa.

Ngome yenyewe ilianguka alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1698. Wakati huo walikuwa wamebaki nahodha wa ngome, watu tisa na padre mmoja, Manoel de Jesus. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada kutoka Goa zilitokea mbele ya bandari, zikaona bendera nyingine juu ya kuta, zikageuka. Huyo padre namfikiria mara nyingi. Pengine Misa yake ya mwisho aliiadhimisha kwa divai ya kupimia kwa matone.

Meli ikasahauliwa. Maji ya kuingia na kutoka bandarini yaliifunika kwa mchanga na tope mwaka baada ya mwaka, na mchanga huo ndio ulioihifadhi. Mbao zinazobaki wazi katika bahari ya joto huliwa na wadudu wadogo watobozi mpaka zigeuke kama sega la nyuki, lakini zilizozikwa chini ya tope, pasipofika hewa, wadudu hao hawawezi kuishi. Kwa hiyo sehemu ya juu ya meli ilitoweka yote, na sehemu ya chini, yaani mkuku na mataruma na mbao za ubavu mmoja, ilibaki imelala katika mteremko, kina cha mita zipatazo kumi na tano, hatua chache tu kutoka walipokuwa wakipita wavuvi wa Mji wa Kale.

Katika miaka ya 1960 watu wawili wakaao Mombasa waliokuwa wakipiga mbizi kwa kujifurahisha, Conway Plough na Peter Phillips, waliiona. Wangeweza kuinyamazia na kuokota kidogo kidogo, kama wengi walivyofanya kwingine. Waliitoa habari, na hatimaye kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu kutoka taasisi ya Marekani ya akiolojia ya majini, wakiongozwa na Robin Piercy na wakishirikiana na Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa Ngome ya Yesu, walifanya uchimbaji mkubwa, wa kwanza wa namna yake katika pwani yetu.

(Naandika wapiga mbizi, nikiepuka neno wazamiaji, kwa sababu vijana wetu wamelipa neno mzamiaji maana nyingine: mtu anayejificha ndani ya meli bandarini ili afike Ulaya bila nauli. Hao nao wana historia yao ya kufa baharini, nami nitaiandika siku nyingine.)

Labda mtu anadhani kazi ya wapiga mbizi hawa ni kuteremka, kufungua sanduku la dhahabu na kupanda juu. Hali haikuwa hivyo. Bandarini Mombasa maji yana tope. Wakati mwingine mtu haoni mkono wake mwenyewe akiunyosha. Mkondo ni mkali, hivyo saa za kufanya kazi huamuliwa na kujaa na kupwa. Kila mita kumi mtu anazoteremka, uzito wa maji juu ya mwili wake huongezeka kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu, na sehemu ya hewa anayoivuta kwenye mtungi huingia katika damu. Akikaa muda mrefu kisha apande kwa haraka, hewa hiyo hutoka damuni kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, nayo huweza kumpoozesha au kumwua. Kwa hiyo hukaa chini kwa dakika zilizohesabiwa, na hupanda polepole. Katika dakika hizo mtu hufukua sehemu ndogo iliyotengwa kwa kamba, hunyonya mchanga kwa bomba, hupima kwa futi, huchora juu ya kibao cha plastiki. Kesho yake hurudi hapohapo. Na walipomaliza, baada ya misimu minne, waliufunika tena mwili wa meli kwa mchanga, maana kuuinua wote na kuutunza kungehitaji fedha na mitambo ambayo haikuwapo.

Walitoa vitu maelfu: mitungi, vyombo vya kaure kutoka China, vyungu vya India, vyombo vya udongo vya Ureno, vitu vya chuma na shaba na mbao. Kila kimoja kilihitaji kuogeshwa kwa miezi katika maji baridi ili chumvi itoke, la sivyo kingepasuka au kuwa unga kikiwa hewani. Sehemu ya vitu hivyo huonyeshwa katika jumba la makumbusho lililo ndani ya ngome ileile. Miaka thelathini hivi baada ya uchimbaji, vipimo vile vilivyochorwa tope machoni viliwawezesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M kuchora umbo zima la meli ilivyokuwa. Mitungi na mbao zikaeleza jambo moja ambalo barua za magavana hazikulieleza: hii iliyoitwa meli ya Wareno ilijengwa na mafundi Wahindi, ikabeba vyungu vya Kihindi na kaure ya China, ikaja kuwaokoa watu ambao wengi wao walikuwa Waswahili.

Wengine wataniuliza mbona meli yetu ya Ziwa Tanganyika iliinuliwa. Ni kweli. Ile Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, lakini wahandisi wake waliipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha, wakiamini watarudi. Waingereza ndio waliokuja kuinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hiyo ilikuwa chuma, ilizama kwa mpango, na ilikuwa na kazi ya kufanya. Santo António ni maiti ya zamani, na maiti huzikwa.

Si kila mahali ambapo heshima hiyo imefuatwa. Kwa jirani zetu wa Msumbiji, kaure na dhahabu kutoka meli ya karne ya kumi na sita iliyopatikana karibu na Kisiwa cha Msumbiji viliuzwa katika mnada huko Amsterdam mwaka 2004. Vilikuwa ni mali ya historia ya watu wa bahari yetu, sasa viko katika makabati ya watu binafsi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi uliomo chini ya maji unakataza biashara hiyo kwa nchi zilizoukubali, lakini wenye njaa ya dhahabu huwa hawasomi mikataba. Kwangu mimi kitendo hicho hakitofautiani sana na kuvunja kaburi ili kutoa pete.

Nakuja sasa kwa Mtakatifu Yosefu.

Tarehe 27 Aprili 1794 meli iitwayo São José, yaani Mtakatifu Yosefu, iliondoka Lisbon kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Katika shehena yake kulikuwa na vipande vya chuma zaidi ya elfu moja. Kwa nini chuma? Mabaharia wanaelewa: meli yenye mzigo mwepesi huyumba, hivyo huwekewa farumi, yaani uzito wa chini wa kuituliza. Mawe au mchanga vingeweza kutosha kwa mizigo mingine. Lakini mzigo wa meli hii ungekuwa binadamu, na binadamu ni mzigo unaokonda. Unasogea, unaugua, unakufa na kutupwa baharini, na kila siku meli inazidi kuwa nyepesi. Hao waliopanga safari kule Lisbon walikuwa wamepiga hesabu hiyo kabla ya kumwona hata mmoja wa watu watakaosafirishwa.

Tarehe 3 Desemba 1794 meli ilitoka Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na watu zaidi ya 500 waliofungwa, ikielekea Maranhão, Brazili. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba, wakati Kanisa linaadhimisha Mtume Yohane, ilikuwa karibu na Cape Town. Upepo ukaisukuma juu ya miamba, kiasi cha mita mia tu kutoka ufukweni, ikavunjika. Nahodha, Manuel João Pereira, na mabaharia wake wote waliokolewa. Kati ya waliofungwa, zaidi ya mia mbili walikufa majini. Waliobaki hai waliuzwa hapohapo Cape siku chache baadaye, nguo zao zikiwa pengine hazijakauka, kama walikuwa na nguo.

Mnakumbuka katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, jinsi meli iliyomchukua Paulo ilivyovunjika Malta. Humo walikuwamo watu 276, na Paulo mwenyewe alikuwa mfungwa. Askari walitaka kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka, lakini jemadari akawazuia, na wote wakafika nchi kavu salama. Jemadari yule alikuwa mpagani wa Roma. Nahodha wa São José alikuwa Mkatoliki mbatizwa, na meli yake iliitwa kwa jina la yule aliyemchukua Mtoto usiku akakimbilia naye Afrika ili kumwokoa na watu waliotaka kumwua.

Sitaki kulipitia jambo hili upesi, wala sitaki kuwaficheni. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa kwa maandishi ya kuwatia utumwani wasioamini. Mwaka 1839 Papa Gregori wa Kumi na Sita aliilaani biashara ya watumwa kwa barua ya kitume iliyotolewa tarehe 3 Desemba, siku ileile ambayo miaka arobaini na mitano kabla São José ilikuwa imeng'oa nanga. Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda kisiwa cha Gorée, Senegali, tarehe 22 Februari 1992, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki. Na mwezi Machi 2023 Vatikani ilitamka wazi kwamba mafundisho yaliyojengwa juu ya hati zile za karne ya kumi na tano si sehemu ya imani ya Kanisa. Kutoka hati ya kwanza hadi tamko hilo ni miaka 571. Kuna Wakatoliki wanaoudhika padre anaposema mambo haya, wakiona anawapa silaha wapinzani. Mimi naona anayeudhika angejaribu kwanza kuhesabu miaka hiyo kwa vidole vya wale waliokuwa chini ya sakafu ya meli.

Na walikuwa akina nani? Wengi wao, kadiri wataalamu wanavyokadiria, walikuwa Wamakua, watu ambao ndugu zao wako pande zote mbili za Mto Ruvuma. Majina ya ukoo yanayosikika Msumbiji kaskazini husikika pia Tunduru na Masasi. Katika karne hiyo misafara ya Wayao ilikuwa ikitoka hata karibu na Ziwa Nyasa ikielekea Kilwa na Kisiwa cha Msumbiji, ikiwa na pembe za ndovu na watu. Wangoni hawakuwapo bado. Wao walivuka Zambezi mwaka 1835 ndipo wakaja huku. Lakini njia zilizokanyagwa na watu waliofungwa zilipita katika nchi ambayo leo tunaendesha pikipiki kwenda sokoni. Tena wauzaji wa kwanza walikuwa Waafrika. Hilo nalo liandikwe.

Mabaki ya São José yaliguswa mara ya kwanza katika miaka ya 1980 na wawindaji wa hazina, wakadhani ni meli ya Waholanzi ya zamani zaidi. Hawakutafuta watumwa, hawakuona watumwa. Miaka mingi baadaye Jaco Boshoff, mtafiti wa makumbusho ya Iziko ya Cape Town, alishangazwa na misumari na mabamba ya shaba yasiyolingana na umri wa meli ya Waholanzi. Katika nyaraka za Cape likapatikana tamko ambalo nahodha Pereira alilitoa siku chache baada ya ajali, na katika nyaraka za Lisbon ikapatikana habari ya vipande vya chuma. Wakarudi majini, wakavikuta vile vipande. Vikapatikana pia mabaki ya pingu, yameshikamana na kutu na mchanga kama jiwe, hata ikabidi yapigwe picha za eksirei ili kuona kilichomo ndani.

Mahali penyewe si pa kina kirefu, lakini mawimbi ya Atlantiki hupiga pale kwa nguvu, na maji ni baridi ya kukata. Mpiga mbizi anayepima kipande cha mbao husukumwa mbele na nyuma kama nguo inayofuliwa. Kati ya walioshiriki kazi hizi za kutafuta meli za watumwa ni kikundi cha Wamarekani weusi kiitwacho Diving With a Purpose, ambao wengi wao si maprofesa. Ni watu wenye kazi zao za kawaida, waliojifunza kupima na kuchora chini ya maji wakijitolea. Vijana wa Msumbiji nao wamefundishwa kazi hiyo katika kisiwa kilekile ambacho meli iliondokea. Mtu mweusi kushuka kwa hiari yake, na kurudi juu akiwa hai, mahali ambapo wengine walishushwa wakiwa wamefungwa, nadhani hahitaji mimi nimweleze maana yake.

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, na siku zile tulipokuwa tukisikiliza redio ili kujua wapiga mbizi wametoa miili mingapi. Tulijifunza wakati ule kwamba kilio cha mtu asiye na mwili wa kuzika hakina mwisho wake. Wazee hata leo watakwambia kuwa msiba bila kaburi haujaanuliwa tanga.

Wamakua nao ndivyo wanavyoamini. Kabla meli haijatangazwa rasmi, mwaka 2015, watafiti walikwenda Mossuril, upande wa bara unaotazamana na Kisiwa cha Msumbiji, kuwaambia wenyeji waliyoyaona. Chifu wa Wamakua aliwapa chombo kilichopambwa kwa kauri kikiwa na udongo wa pale. Aliwaagiza waumwage udongo huo juu ya mahali meli ilipovunjikia, ili watu wake waliokuwa wakilala ugenini tangu mwaka 1794 walale katika udongo wa kwao. Tarehe 2 Juni 2015 wapiga mbizi kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na Marekani waliingia katika bahari iliyochafuka pale Cape Town wakautekeleza wosia huo. Vitu kadhaa vya São José, pamoja na vile vyuma vya farumi, vilikopeshwa kwa makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi yaliyofunguliwa Washington mwezi Septemba 2016.

Hakuna orodha ya majina ya abiria wa meli ile. Kuna hesabu ya vichwa tu, na bei.

Bahasha za majina ya marehemu wa mwezi wa Novemba zitapokelewa ofisini hadi Jumamosi saa sita mchana. Mwaka huu kutakuwa na bahasha moja zaidi juu ya altare, imeandikwa kwa nje: wa São José, 1794, na wanawake hamsini wa Mombasa. Ndani haina karatasi. Anayetaka kuongeza nia kwa ajili yao aje tu, hakuna sadaka inayodaiwa.